Anza na Swichi, Spika Itakuja Baadaye

Hotuba kwa wakazi wa mtaa wetu, Goba, Dar es Salaam. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya majirani ambao hawakufika. Picha nilizokuwa narusha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, vijana: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za jioni. Asalaam aleykum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie taa zinazowashwa kwa kusema. Najua kwa nini mmekuja wengi hivi. Mmeona zile video kwenye simu: mtu kajilaza kwenye kochi, anasema neno moja, sebule nzima inageuka zambarau. Na baadhi yenu spika ya kupokea amri hizo mnayo tayari. Imeletwa na mtoto aliyeko ughaibuni, iko juu ya kabati ndani ya boksi lake, huu mwaka wa pili inasubiri fundi. Fundi mwenyewe ndiye mimi. Basi nisikilizeni leo kabla hamjanipigia simu.

Kila ninapoingia kwenye nyumba, swali la kwanza ni hili: "Fundi, ninunue spika ipi, ya Amazon au ya Google?" Na mimi namuuliza mwenye nyumba: hapa kwako nani anazima taa usiku? Ananitazama kama sijamwelewa. Nani anazima taa? Bibi? Dada wa kazi? Wewe mwenyewe ukishahakikisha geti limefungwa? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua ununue nini. Spika ni kitu cha mwisho kabisa kwenye orodha. Anza na swichi.

Nifafanue. Balbu janja ina redio ndogo ndani yake, na redio hiyo inasikiliza waifai saa zote. Ili isikilize, lazima umeme uwe unafika kwenye balbu saa zote. Maana yake swichi ya ukutani inatakiwa ibaki imewashwa usiku na mchana, hata kama taa yenyewe haiwaki. Mtu akishaizima ile swichi, balbu haina uhai. Unaweza kumwita Alexa, ile sauti ya spika ya Amazon, mpaka koo likauke. Utajibiwa kwamba kifaa hakipatikani, basi.

Iko nyumba moja huku huku kwetu, siitaji, maana wenyewe wamo humu ndani na wameshaanza kucheka. Baba alifunga balbu janja kila chumba, kazi nzuri kabisa. Mama mzazi wa mkewe akaja kukaa mwezi mzima. Mama huyu ametunza nyumba miaka yote kwa umeme wa kubana: ukitoka chumbani, zima taa. Mkono wake unaijua swichi hata gizani. Akitoka jikoni, amezima. Akitoka koridoni, amezima. Ikifika saa mbili usiku hakuna taa hata moja inayosikia. Baba akanunua selotepu, akaziba swichi zote. Asubuhi anakuta selotepu imebanduliwa, imekunjwa vizuri, iko mezani, na mama anamwambia kwa upole: "Baba, swichi zenu zilikuwa zimezibwa. Nimewafungulia."

Haya niambieni, utamjibu nini mama mkwe hapo? Utamfundisha kutokuzima taa?

Mama hana kosa. Swichi imewekwa ukutani ili ibonyezwe. Mpango ambao unamtaka kila anayeingia nyumbani kwako, mgeni, mtoto, fundi bomba, aache alichozoea tangu azaliwe, huo si mpango. Kwa hiyo kwenye vyumba vinavyopitwa na watu wengi, yaani sebule, jiko na korido, mimi kwa kawaida siweki balbu janja. Naweka swichi janja, yaani redio inakuwa ndani ya swichi, balbu zinabaki hizi hizi za kawaida. Bibi akibonyeza, taa inawaka. Wewe ukisema, taa inawaka. Hakuna anayemharibia mwenzake.

Ila hapo kuna mtego, na naomba wanaojenga wanisikilize vizuri. Siku fundi akifungua swichi ya chumbani kwako, baada ya kuzima meni swichi, simama pale uchungulie ndani ya boksi. Nyumba zetu nyingi utaona nyaya mbili tu: mmoja unaleta moto, mwingine unaupeleka juu kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haishuki. Inapita darini moja kwa moja hadi kwenye holda ya taa. Kwa swichi ya kawaida hilo halina shida hata kidogo. Lakini swichi janja nyingi zinahitaji nyutro, kwa sababu redio yake inatakiwa ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa.

Zipo zisizohitaji nyutro. Hizo zinaiba umeme kidogo kupitia kwenye balbu yenyewe. Zamani, balbu ilipokuwa ya wati 60, haikutambua chochote. Balbu ya LED ya wati 5 inatambua: unaizima, yenyewe inabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli, au inapepesa usiku kucha. Swichi za namna hiyo huja na kapasita ndogo ya kufungwa juu kwenye taa, nayo husaidia. Mafundi wengine wanaitupa pamoja na boksi. Uliza iko wapi.

Kama hujapiga plasta bado, mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi. Unaongeza waya tu. Na achague boksi lenye kina, kwa sababu mgongo wa swichi janja ni mnene. Hata kama leo huna hela ya kifaa chochote janja, ukuta wako uwe umejiandaa. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, siyo kijana aliyejifunza jana kwenye video.

Nyumba iliyokwisha jengwa isikukatishe tamaa. Weka balbu janja pale ambapo mtu mmoja ndiye mwenye taa: taa ya kando ya kitanda, taa ya meza ya kusomea. Na ununue kitufe kisicho na waya, kile chenye betri ndogo ya saa, ukibandike pale mkono ulipozoea kwenda.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe, na bando.

Mteja wangu mmoja alinipigia asubuhi moja sauti imekwaruza kwa usingizi. Umeme ulikatika jioni, wakalala. Saa tisa usiku umeme ukarudi, na taa zote za nyumba zikawaka kwa wakati mmoja, mwanga wote, mpaka chumba cha mtoto mchanga. Akadhani wamevamiwa. Hakuna kilichoharibika. Balbu nyingi janja zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa hivyo: zikipata umeme baada ya kuukosa, ziwake. Waliozitengeneza walimfikiria mtu anayetumia swichi ya ukutani, kwamba akiwasha apate mwanga. Hawakufikiria mtaa ambao umeme unarudi saa tisa usiku.

Kwenye programu ya simu, balbu nzuri zina sehemu ya kuchagua: umeme ukirudi iwake, ibaki imezimwa, au irudie ilivyokuwa. Chagua hiyo ya tatu. Lakini siyo balbu zote zina uchaguzi huo, kwa hiyo ulizeni dukani kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikuambia "zote ziko sawa tu", nenda duka la pili.

Na bando? Bwana mmoja alifunga kila kitu Jumapili, familia ikapiga makofi. Intaneti ya nyumba ilikuwa hotispoti ya simu yake. Jumatatu akaenda kazini Kariakoo na simu mfukoni. Magharibi mkewe anasema na spika, spika inajibu haina mtandao. Akampigia mumewe: "Baba fulani, taa zako umeondoka nazo!"

Mnacheka, lakini wangapi humu intaneti ya nyumba ni simu ya baba?

Ieleweni safari ya sauti yako. Ukisema, maneno hayaendi kwenye balbu iliyo mita mbili juu ya kichwa chako. Spika inayachukua, inayatuma kwenye kompyuta za kampuni iliyoitengeneza, huko yanafasiriwa, kisha amri inarudi nyumbani kwako na taa inawaka. Mtandao ukiwepo, yote hayo ni kufumba na kufumbua. Bando likiisha, spika ni pambo la mezani. Basi uwe na ruta inayokaa nyumbani, yenye betri ya akiba kama unaweza. Na balbu nyingi za waifai zinaelewa masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta yako ikiwa inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, utazungushwa siku nzima ukidhani balbu ni mbovu. Ingia kwenye ruta, zitenganishe.

Kuna aina nyingine ya balbu zisizotegemea waifai, zinatumia mawasiliano yanayoitwa Zigbee. Philips Hue, iliyoingia sokoni 2012, ni ya aina hiyo. Ina kisanduku chake kinachochomekwa kwenye ruta, na balbu zenyewe zinapeana ujumbe, hii inampa ile. Bei yake iko juu, sikufichi. Lakini intaneti ikikata, simu yako ukiwa nyumbani na vile vitufe vya ukutani vinaendelea kuziamrisha. Unachopoteza ni sauti tu. Na tangu Oktoba 2022 kuna utaratibu wa pamoja unaoitwa Matter, ambao Amazon, Apple, Google na Samsung wameukubali. Ukiona alama hiyo kwenye boksi la balbu, hufungwi na kampuni moja. Leo spika ya huyu, kesho ya yule.

Kuhusu luku nitasema haraka, maana kuna maneno ya wauzaji. Wanasema balbu janja inabana umeme. Kinachobana umeme ni LED: wati 9 badala ya 60. Ujanja wenyewe unakula. Balbu janja ikiwa imezimwa inatumia kama nusu wati kusikiliza. Pigeni hesabu: nusu wati, saa 24, siku 30, ni wati-saa 360. Balbu kumi ni wati-saa 3,600, yaani uniti 3.6 kwa mwezi, na hakuna taa iliyowaka. Siyo nyingi, lakini siyo bure. Ndiyo sababu nyingine ya kutojaza nyumba nzima kwa siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni lugha. Mtanisamehe nikikaa hapo kidogo.

Simu yako inaandika Kiswahili ukiisemesha. Google waliweka hilo tangu 2017. Kwa hiyo watu wanadhani na spika itakuwa hivyo hivyo. Hapana. Alexa anajua Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kihindi, Kijapani, hata Kiarabu. Kiswahili hajui. Mwambie "washa taa" uone atakavyohangaika kutafuta wimbo wa kukupigia.

Nilimfungia taa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Kiharusi kilimwacha upande wa kulia hauna nguvu, na swichi ya chumba chake iko mlangoni, upande wa pili wa chumba. Usiku akitaka kwenda haja, ama amwamshe mjukuu, ama avumilie mpaka alfajiri. Mzee wa heshima zake, aliyefundisha nusu ya wilaya, anavumilia mpaka alfajiri. Mwanawe akanipa bajeti ya nyumba nzima: sebule, baraza, taa za rangi kwenye dari. Nikamwambia, kwanza tumalize chumba cha baba.

Tukaweka balbu janja moja, taa ya kando ya kitanda, mwanga wa njano wa kelvini 2700, maana ule mweupe wa 6500 uliojaa madukani unamchoma mtu macho usiku. Ya pili koridoni, ya tatu chooni. Spika ndogo juu ya stuli, upande wa mkono wake mzima. Kwa amri moja zinawaka zote tatu, kwa mwanga wa chini, mpaka chooni.

Mzee akaisemesha kwa Kiingereza chake cha darasani, neno moja moja, kila herufi mahali pake. Ikatii mara ya kwanza. Wajukuu wakaja na Kiingereza chao cha sinema, cha mbio, spika ikawaomba warudie. Mzee akanitazama, akasema: "Unaona, fundi? Hata mashine inataka matamshi." Siku ile alifurahi kuliko alivyofurahia taa.

Lakini mle chumbani hayuko peke yake. Yuko bibi, na bibi Kiingereza hana habari nacho. Je, bibi akitaka taa amwamshe mzee amtafsirie? Upande wake nikabandika kile kitufe cha betri ubavuni mwa kitanda. Anabonyeza, taa zile zile tatu zinawaka. Chumba kimoja, watu wawili, njia mbili. Wakati wa kupanga taa zako, hesabu watu kabla ya kuhesabu balbu.

Na majina ya taa? Spika inasikia kwa sikio la Kiingereza. Ukiita taa yako "Sebule", leo itaelewa, kesho itasikia kitu kingine kabisa. Jaribu jina kwa sauti za watu wote wa nyumbani kabla hujaliweka. Majina yasifanane. Taa na chumba visiwe na jina moja, la sivyo ukiitaka moja zitawaka zote. Na kama mtoto wako anaitwa Alex, mama zangu, ukimfokea spika inaweza kuitika. Badilisha neno la kuiamsha. Ya Amazon inakubali pia kuitwa "Echo" au "Computer".

Vijana wa kompyuta nawaona mnanong'ona. Ndiyo, iko Home Assistant, programu huria ya bure ya kuendesha vifaa janja vya nyumbani, iliyoanza 2013. Humo unaandika amri zako mwenyewe, kwa Kiswahili chako mwenyewe, na pamoja na Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa 2022, unaweza kusikilizwa bila sauti kutoka nje ya nyumba. Inakosea, inataka kompyuta yenye nguvu na mtu asiyekata tamaa. Siyo ya kuanzia. Lakini mkiweza, bibi yule atawashukuru.

Faragha nayo. Mwaka 2019 vyombo vya habari vya Marekani na Ulaya viliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni hizi, Amazon, Google na Apple, walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za wateja ili kuziboresha mashine. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini sauti yako ikishavuka bahari, wewe na sheria yako mko mbali nayo. Spika ina kitufe cha kuzima maikrofoni, kijue kilipo. Usiiweke chumbani bila sababu kama ya yule mzee. Usiiweke dirishani, maana inatii sauti yoyote, hata ya mpita njia. Na kwa sababu hiyo hiyo, taa sawa, kufuli la geti hapana. Sifungi hata ukinilipa mara mbili.

Nimebakiza mawili madogo. La kwanza, mizigo ya ughaibuni. Balbu za Marekani ni za volti 120. Hapa tuna 230. Ukiichomeka, mara nyingi ndiyo siku yake ya kwanza na ya mwisho. Mwambieni mtoto atume picha ya maandishi yaliyo kwenye shingo ya balbu kabla hajalipa, na ya adapta ya spika pia: iwe imeandikwa volti 100 hadi 240. Na angalieni holda zenu ni za pini au za kuzungusha.

La pili ni akaunti. Kuna nyumba ya kupanga ambayo taa ya sebuleni ilikuwa inajizima yenyewe kila saa nne usiku. Mpangaji mpya akaanza kusali. Kumbe mpangaji wa zamani amehamia mkoa mwingine na akaunti yake, na ratiba ya kuzima taa bado iko kwenye simu yake. Hata yeye alikuwa amesahau. Kwa hiyo vifaa visajiliwe kwa barua pepe ya mwenye nyumba, siyo ya fundi. Siyo yangu, siyo ya fundi mwingine yeyote. Kabla fundi hajaondoka, mwambie atoe simu yake hapo hapo mbele yako, ajaribu kuwasha taa yako. Ikiwaka, hajamaliza kazi, usimlipe bado. Na ukihamia nyumba ukavikuta vifaa hivi vimeshafungwa, virudishe vilivyotoka kiwandani kabla hujalala humo.

Pale mezani nimeweka swichi moja ya nyutro, moja isiyo na nyutro na ile kapasita yake, njooni mzishike. Maswali sasa. Yule mama wa nyuma mkono wake uko juu tangu nilipotaja luku. Mwenyekiti, tuanze naye.